Hivi kweli umeme ndio "unaovunja" chumvi, au imeshavunjika kabla hatujawasha swichi?

#1 MwalimuWaZamu (mleta mada)
Salaam wakuu. Leo nimeulizwa swali darasani nikatoka nalo hadi nje. Nilikuwa nimeandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka: elektrolisisi ni kuvunja kampaundi kwa kutumia umeme. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama umeme ndio unaovunja, mbona chumvi kavu ukiiwekea umeme haivunjiki? Na ikishayeyuka, si wewe mwenyewe ulisema ayoni, zile chembe zenye chaji, zimeshaachana? Sasa hapo umeme unavunja nini?"

Nikamjibu kwamba maji au joto "yanasaidia tu". Akakaa, lakini uso wake ulisema hajakubali, na nikimtazama vizuri naona alikuwa na haki. Kadiri ninavyowaza ndivyo ninavyoona sentensi yangu ya ubaoni ina kasoro. Maji au moto ndivyo vinavyovunja. Umeme unakuja kukusanya vipande tu, huyu huku na yule kule. Nipo sahihi au napotosha watoto?

#2 Povu
Unapotosha mkuu. Chumvi kavu haipitishi umeme kwa sababu elektroni hazina njia. Ikiwa majini, elektroni zinapita ndani ya maji kutoka kathodi (fimbo ya upande hasi) hadi anodi (fimbo ya upande chanya), na humo njiani zinagonga molekuli za chumvi zinavunjika. Ndiyo maana ikaitwa kuvunja.

#3 BintiMaabara
Povu, pole, hapo kuna makosa mawili na yote ni makubwa.

La kwanza, elektroni hazipiti ndani ya mmumunyo. Zinapita kwenye waya. Zikifika kathodi zinakabidhiwa ayoni chanya zilizo pale kwenye uso wa elektrodi (fimbo yenyewe iliyozamishwa), na safari yake inaishia hapo. Upande wa anodi ayoni hasi zinaacha elektroni zao, nazo zinarudi kwenye waya. Katikati ya chombo chaji inabebwa na ayoni zenyewe, chanya zikienda kathodi na hasi zikienda anodi.

La pili, hakuna molekuli ya chumvi. Kwenye punje ya kloridi ya sodiamu kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi na sodiamu sita. Hakuna aliyeoa wala kuolewa, ni mtaa mzima. Ayoni zipo tangu punje ikiwa kavu, ila zimebanwa mahali pake. Kwa hiyo hata mwalimu nimrekebishe kidogo: maji hayatengenezi ayoni, yanazifungulia tu.

#4 Povu
Nimekubali la elektroni, asante dada. Lakini neno kuvunja silitoi, nitarudi nalo.

#5 Kibiriti Chenye Unyevu
Hiyo kazi ya kufungulia ndiyo jibu la binti wa dawati la nyuma. Kloridi ya sodiamu inayeyuka kwa moto kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Chini ya hapo weka betri yoyote, sindano ya mita haichezi. Ikishayeyuka umeme unapita, sodiamu inajikusanya kathodi na klorini inatoka anodi. Viwandani wanachanganya na kloridi ya kalsiamu ili iyeyuke kwenye nyuzi 600 hivi, kwa sababu kulinda tanuri la nyuzi 800 lenye sodiamu ndani si mchezo.

Kwa hiyo namuunga mkono mwalimu. Aliyevunja ni moto.

#6 MzeeKumbukumbu
Swali la huyo binti ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani, na watu wazito waligawanyika juu yake.

Mwaka 1800, mara tu baada ya betri ya Volta, Nicholson na Carlisle waliingiza nyaya majini wakaona gesi zinatoka. Kilichowasumbua watu ni kwamba haidrojeni inatoka waya mmoja na oksijeni inatoka waya mwingine, mbali na mwenzake. Kama molekuli imevunjwa, imevunjwa wapi? Grotthuss mwaka 1806 akaja na picha ya mnyororo: molekuli zimejipanga toka waya hadi waya, za mwishoni zinaachia kipande, na katikati zinabadilishana wenzi.

Halafu Davy, 1807. Huyu anahusika moja kwa moja na swali la darasani. Alijaribu potashi (haidroksidi ya potasiamu) ikiwa ndani ya maji, akapata haidrojeni na oksijeni tu. Akajaribu ikiwa kavu kabisa, umeme haukupita. Ndipo akaichukua ikiwa na unyevu kidogo wa hewani, kiasi cha kupitisha umeme, ikayeyuka pale ilipogusana na platinamu, na upande hasi vikatokea vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikilipuka na kuwaka. Hiyo ndiyo potasiamu. Siku chache baadaye akapata sodiamu kwa njia hiyohiyo.

#7 Swali Moja Tu
Mzee shikamoo. Mimi nilisoma kwamba elektrolisisi iligunduliwa na Faraday mwaka 1834. Sasa hawa wa 1800 wametoka wapi?

#8 MzeeKumbukumbu
Marahaba. Faraday hakuigundua, aliipimia. Sheria zake ni za 1833 na 1834, na ndiye aliyeleta maneno anodi, kathodi, elektroliti na ayoni, akisaidiwa na msomi William Whewell kuyachagua kutoka Kigiriki. Ayoni maana yake ni kinachokwenda. Na Faraday mwenyewe alikuwa upande wa Povu: aliona umeme ndio unaozifanya ayoni zitokee.

Aliyeupindua upande huo ni Clausius, mwaka 1857. Hoja yake ni fupi na mimi naipenda sana. Kama umeme ungehitaji kwanza kuzivunja molekuli humo ndani, basi volti ndogo isingepitisha kitu mpaka ufike kiwango cha kuvunja, halafu ghafla upite mwingi. Lakini ndani ya mmumunyo mkondo unaongezeka sawasawa na volti tangu mwanzo. Kwa hiyo vipande huru vilikuwemo tayari. Arrhenius akaikamilisha: tasnifu yake ya 1884 ilipewa daraja la chini na walimu wake, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo hilohilo.

#9 Povu
Nimerudi kama nilivyoahidi, na safari hii nimejiandaa.

Mzee anasema mkondo unapita tangu volti ndogo. Mimi nimechukua maji yenye asidi kidogo, penseli mbili zilizochongwa pande zote, nikaweka betri moja ya volti 1.5. Hakuna povu la kuonekana. Nikaunganisha mbili mfululizo, mapovu yakaja pande zote. Sasa kama hakuna kinachovunjwa, mbona kuna kizingiti?

#10 Nusu Volti
Hapo Povu kapiga penyewe. Kizingiti kipo na kinajulikana: maji hayawezi kutoa haidrojeni na oksijeni chini ya volti 1.23, na kwa kawaida unahitaji zaidi ya 1.6 ndipo uyaone mapovu vizuri. Clausius anapingana na jaribio la Povu?

#11 BintiMaabara
Hawapingani, wanaongelea sehemu mbili tofauti za chombo kilekile. Kizingiti kipo kwenye uso wa elektrodi. Ndani ya mmumunyo hakipo.

Ukitaka kuvitenganisha, ondoa gesi kwenye hesabu. Chukua salfeti ya shaba na elektrodi mbili za shaba. Kathodi ayoni ya shaba inapokea elektroni mbili inakuwa atomi, anodi atomi ya shaba inaacha elektroni mbili inaingia majini. Kinachojengwa huku kinabomolewa kule, kwa hiyo gharama ya jumla ni sifuri, na umeme unapita hata kwa volti ndogo sana. Rangi ya buluu haififii. Badilisha sasa anodi iwe ya kaboni: kathodi bado ni shaba, lakini anodi inatoka oksijeni, buluu inafifia polepole, maji yanazidi kuwa asidi, na kizingiti kinarudi. Mmumunyo ni uleule. Kilichobadilika ni kinachotokea kwenye uso.

#12 FundiNikeli
Hili la dada hapo juu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Napaka vyuma nikeli kwa umeme. Anodi yangu ni nikeli, inaliwa taratibu, na kwenye chuma cha mteja inakaa nikeli ileile. Beseni langu la chumvi ya nikeli linadumu muda mrefu, naongeza kidogo tu kufidia kinachoondoka na vyombo. Sasa hapo nimevunja kampaundi gani? Chumvi yote ipo. Mimi nahamisha metali tu. Ndiyo maana tangu zamani neno kuvunja limenikwama.

#13 Povu
Fundi, basi wewe hufanyi elektrolisisi, unafanya uchukuzi 😄

#14 FundiNikeli
Uchukuzi wenye hesabu kali kuliko wa mizigo, ndugu yangu. Ukipandisha mkondo kupita kiasi nikeli inakaa nyeusi, chapachapa, inabanduka kwa kucha. Ayoni za karibu na chuma zinaisha haraka kuliko zinavyoweza kufika nyingine, haidrojeni inaanza kutoka mahali pake. Hapo ndipo utajua kwamba mambo yote yanaamuliwa kwenye ngozi ile nyembamba iliyogusana na chuma.

#15 Swali Moja Tu
Samahani, swali jingine. Kwenye betri ya tochi nimefundishwa anodi ni hasi. Kwenye elektrolisisi anodi ni chanya. Nishike lipi?

#16 Kibiriti Chenye Unyevu
Usishike alama, shika kazi. Anodi ni pale vitu vinapopoteza elektroni, popote pale. Betri ya tochi inazitoa elektroni yenyewe kwa hiyo upande huo ni hasi. Kwenye elektrolisisi chaja inazivuta kwa nguvu kwa hiyo upande huo ni chanya.

#17 MwalimuWaZamu
Nashukuru sana, uzi umekwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Kuna jambo limenikaa. Kama ayoni zinasafiri, zinasafiri kwa kasi gani? Maana ukiwasha tu, mapovu yanatoka hapohapo.

#18 Nusu Volti
Polepole mno. Ukiweka volti moja kwa kila sentimita, ayoni ya sodiamu majini inatembea takribani sentimita 2 kwa saa. Ya haidrojeni ina mbio kuliko zote, sentimita 13 hivi kwa saa, na sababu yake ni kwamba protoni (ndiyo hiyo ayoni ya haidrojeni) inarukishwa toka molekuli ya maji hadi nyingine. Ona jinsi mnyororo wa Grotthuss ulivyorudi kupitia mlango wa nyuma!

Mapovu hayasubiri safari hiyo. Ayoni zilizo jirani na elektrodi zinabadilika mara moja, na foleni nzima nyuma yake inasogea hatua moja kwa wakati mmoja, kathodi hadi anodi.

#19 Kibiriti Chenye Unyevu
Turudi kwenye chumvi ya majini, maana pale ndipo wanafunzi wanapoangukia. Umeme ukipita kwenye mmumunyo mzito wa chumvi, kathodi haitoki sodiamu. Inatoka haidrojeni, anodi inatoka klorini, na kinachobaki ni haidroksidi ya sodiamu. Ayoni za haidrojeni kutoka kwenye maji zinapokea elektroni kirahisi kuliko sodiamu, zinakuwa gesi, haidroksidi wenzake wanabaki.

#20 Nusu Volti
Hapo nakupinga. Kwenye maji yasiyo asidi wala alkali, ayoni za haidrojeni ni moli (kipimo cha idadi ya chembe) 0.0000001 kwa lita. Maji yenyewe ni moli 55 kwa lita. Zile chache ungezimaliza kufumba na kufumbua. Molekuli ya maji yenyewe ndiyo inayopokea elektroni palepale kwenye kathodi na kuvunjika: haidrojeni inaondoka, haidroksidi inabaki. Na hapa, mwalimu, umeme unavunja kweli. Molekuli ya maji ilikuwa nzima mpaka ilipogusa kathodi.

#21 Kibiriti Chenye Unyevu
Zikiisha, maji yanatoa nyingine. Uwiano kati ya maji na ayoni zake hauachi pengo.

#22 Nusu Volti
Yanatoa, lakini si kwa kasi ya kulisha mkondo mkubwa. Umewahi kuona kiwanda kinachosubiri?

#23 BintiMaabara
Mwishowe hesabu zenu zinatoa kitu kilekile: kila elektroni mbili, molekuli moja ya haidrojeni na haidroksidi mbili. Kwenye asidi picha ya Kibiriti ni sahihi, ayoni zipo tele. Kwenye chumvi ya kawaida naegemea kwa Nusu Volti, ila njia ya hatua kwa hatua pale kwenye uso inategemea metali na uchachu, sitaki kuifunga kwa sentensi moja.

Jambo la anodi ndilo linalonishangaza zaidi. Kwa jedwali la volti za elektrodi, oksijeni kutoka kwenye maji inahitaji volti 1.23 na klorini 1.36. Oksijeni ilipaswa kutangulia. Kwenye mmumunyo mzito inatangulia klorini, kwa sababu oksijeni inadai elektroni nne ziondolewe kutoka molekuli mbili za maji, kazi ngumu na ya taratibu inayohitaji volti za ziada. Zimua chumvi sana, oksijeni inarudi. Na kathodi ikiwa ya zebaki, hata sodiamu inakubali kutoka ndani ya maji, kwa sababu haidrojeni inapata shida kuzaliwa juu ya zebaki na sodiamu inazama humo ikawa mchanganyiko nayo. Kwa hiyo anayekariri orodha ya metali peke yake atakwama mapema.

#24 FundiNikeli
Mkiongelea chumvi na klorini nawasihi vijana wanaosoma hapa. Kabla sijajifunza kazi hii nilifanya jaribio hilo chumbani, dirisha limefungwa, na vijiko viwili vya chuma kisichoshika kutu, chaja ya betri ya gari. Maji yakageuka manjano ya kijani, koo likaniwasha siku mbili. Baadaye nikaelewa kwamba mbali na klorini, anodi ya chuma cha aina ile inayeyuka na inaweza kutoa kromiamu ya ile aina yenye sumu kali. Tumia grafaiti, tumia betri ndogo, fungua madirisha. Na usichomeke kitu chochote kwenye umeme wa ukutani.

#25 Kibiriti Chenye Unyevu
Naongeza bromidi ya risasi. Inapendwa kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi 370 hivi na unaona kila kitu: mvuke wa kahawia anodi, tone la risasi kathodi. Lakini mvuke ule ni bromini na risasi ni sumu. Ni ya chini ya kofia ya kufyonza hewa tu.

#26 Swali Moja Tu
Je, umeme kiasi gani unatoa metali kiasi gani? Fundi anajuaje bei?

#27 FundiNikeli
Kwa ampea na saa. Moli moja ya elektroni ni kulombi 96,485. Chukua shaba: nusu ampea kwa saa mbili ni kulombi 3,600. Ayoni ya shaba inadai elektroni mbili, atomi zake moli moja ni gramu 63.5. Utapata gramu 1.18. Metali ya fedha, ambayo inadai elektroni moja tu, kwa kulombi hizohizo ingetoka gramu 4.

#28 Nusu Volti
Ndiyo maana alumini inakula umeme. Atomi yake ni nyepesi na inadai elektroni tatu. Kilo moja ni kama ampea-saa 2,980, na kwa volti 4.5 ni kilowatisaa 13 na ushei. Na hapo Hall na Héroult mwaka 1886 walishaondoa shida kubwa: oksidi ya alumini peke yake inayeyuka juu ya nyuzi 2,000, wao wakaiyeyusha ndani ya kriolaiti (madini ya sodiamu, alumini na florini) kwenye nyuzi 950 hivi. Anodi za kaboni zinaliwa na oksijeni, zinaondoka kama kaboni dioksidi, zinabadilishwa kila mara.

#29 MzeeKumbukumbu
Watu wawili, nchi mbili, mwaka mmoja, na wote walizaliwa 1863. Hall Marekani, Héroult Ufaransa.

#30 Povu
Sasa naleta hoja yangu ya mwisho juu ya neno kuvunja, na namwomba mwalimu aipime.

Yeyusha chumvi majini, kisha kausha maji. Umepata chumvi ileile. Iyeyushe kwa moto, kisha ipoe. Chumvi ileile. Kama maji na moto ndivyo "vinavyovunja", mbona kila kitu kinarudi kilivyokuwa? Pitisha umeme sasa: sodiamu iko chupa hii, klorini imeondoka na hewa. Kausha unavyotaka, chumvi hairudi. Maji yalizifungulia ayoni kama alivyosema dada kwenye #3. Aliyezifanya zisiwe ayoni tena ni elektrodi. Kwangu huko ndiko kuvunja kampaundi.

#31 MwalimuWaZamu
Povu, hii imenigusa. Nilikuja nikiwa nimeshaamua kwamba moto na maji ndio wavunjaji. Lakini fundi wa #12 bado yupo palepale: chumvi yake ya nikeli haipungui na umeme unapita siku nzima. Kwako Povu huyo havunji. Kwa Nusu Volti kinachovunjwa ni maji. Nitawapa wanafunzi hoja zote tatu kesho, na jaribio.

#32 BintiMaabara
Tumia iodidi ya potasiamu, mwalimu, kwenye bomba lenye umbo la U, grafaiti mbili, betri ya volti 9, na matone ya fenolfthalini (kiashiria kinachogeuka waridi penye alkali). Dakika chache tu, hakuna haja ya zaidi.

#33 MwalimuWaZamu
Tumefanya. Anodi kahawia ya iodini ikashuka kama moshi, kathodi mapovu na rangi ya waridi. Darasa lilinyamaza kimya. Binti wa dawati la nyuma akaomba avichanganye vya pande zote mbili kwenye bilauri moja. Waridi likafifia, kahawia ikabaki manjano hafifu. Akanigeukia: "Mwalimu, si ilishavunjika? Mbona imerudi?" Wakuu, nimjibuje?

#34 BintiMaabara
Mwambie rangi ndiyo iliyoondoka, chumvi haikurudi yote. Iodini ikikutana na haidroksidi sehemu kubwa inarudi kuwa iodidi, na nyingine inakuwa iodeti, ambayo haikuwemo mwanzoni. Na haidrojeni ilishapanda hewani tangu mapovu ya kwanza.

#35 Povu
Na mwambie aje kwenye uzi huu.